Kikosi cha ngoma cha rika zote: nani wa kumtafuta, na nini kitamfanya akae

Jumamosi moja ya Mei, majira ya saa nne asubuhi, tulikuwa uwanjani tukirudia umbo la kumi na moja la onyesho letu. Metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, ikagonga, tukatembea hatua kumi na sita, tukasimama. Lilitakiwa lionekane tao moja refu la matarumbeta. Katikati ya tao palikuwa na pengo la kumtosha mtu mmoja. Kushoto alisimama mama wa miaka arobaini na kitu, kulia kijana aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia, na wote wawili walikuwa wanajizuia wasilisogelee pengo lile, maana mmoja akisogea nusu hatua tao zima linavunjika. Mwenye nafasi hiyo alikuwa ametuma ujumbe usiku wa kuamkia siku hiyo: samahani, sitaweza kuendelea.

Mimi ndiye niliyekuwa mratibu wa wanachama. Jioni ile nilikaa na daftari langu nikaona kwamba tulimpoteza tangu Novemba, siku ileile tuliyomwandikisha. Alitueleza wazi kwamba anafanya kazi za zamu, wikiendi mbili kila mwezi. Tukamjibu "tutaona namna", kwa sababu tulikuwa na njaa ya watu. Namna haikupatikana, na yeye alikuwa muungwana kiasi cha kuhangaika miezi sita kabla ya kukubali.

Tangu hapo kila njia ya kutafuta watu naipima kwa swali moja: huyu anayeingia kwa mlango huu, ratiba yetu itaweza kumbeba mpaka onyesho la mwisho? Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya yeyote aliyekabidhiwa kazi hiyo ya uratibu, au anayefikiria kuanzisha kikosi, na hajui aanzie upande gani.

Kwanza, tunazungumzia nini

Kikosi cha namna hii, kama kinavyojulikana Marekani, kina ala za kupuliza za shaba, ngoma na watu wa bendera, basi. Hakuna filimbi wala saksafoni. Kinaandaa onyesho moja, kinalifanyia kazi tangu majira ya baridi, kisha kinalipeleka kwenye mashindano ya kiangazi na magwaride. Vikosi vya vijana vinasimamiwa na Drum Corps International, na huko kikomo cha umri ni miaka 21 msimu unapoanza. Vikosi vya rika zote havina kikomo cha juu. Vijana wa vikosi vikubwa vya upande wa kwanza huzunguka nchi nzima kwa mabasi kiangazi chote na kulala kwenye sakafu za ukumbi wa michezo wa shule. Sisi wa rika zote tunafanya mazoezi wikiendi, kwa sababu Jumatatu asubuhi kuna nesi anayerudi wodini na fundi bomba anayerudi kwenye gari lake la kazi.

Zamani utafutaji wa watu haukuwa tatizo kubwa. Vikosi vingi vilikuwa mali ya matawi ya maveterani, ya American Legion iliyoundwa mwaka 1919 au ya Veterans of Foreign Wars (VFW). Hawthorne Caballeros wa New Jersey walianza mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na askari wamerudi makwao. Mtu alikuwa tayari anakuja tawini kila wiki kuonana na wenzake, na kikosi kilikuwa pale pale mlangoni. Reading Buccaneers wa Pennsylvania wakafuata mwaka 1957, na mwaka 1965 ndipo wakawa mabingwa wa kwanza wa Drum Corps Associates, chama kilichosimamia vikosi vya rika zote hadi mashindano yao yalipoingia chini ya Drum Corps International mwaka 2024. Katika miaka hiyo yote mashindano yaliendelea, ila ile baraza ya tawi iliyokuwa ikiwakusanya watu bila kuitwa imepungua sana. Leo lazima mtu atafutwe.

Makundi matatu ya watu

Ukiondoa bahati, wanachama wapya hutoka sehemu tatu. Kuna vijana waliofikisha umri na kutoka kwenye vikosi vya vijana. Kuna wanaorudi, yaani watu waliopiga zamani wakaacha miaka kumi, ishirini au zaidi. Halafu kuna wapya kabisa, wengi wao wakija kwa mkono wa mtu wa familia.

Kijana aliyefikisha umri ndiye anayewindwa na kila kikosi, na sababu inaeleweka. Anajua kutembea hatua nane kwa kila yadi tano bila kutazama chini. Anajua kusoma karatasi ya nafasi zake, anajua kunyamaza mkufunzi anaposema, anajua kunywa maji kabla kiu haijaja. Ukimpata Novemba, huna cha kumfundisha isipokuwa muziki wa mwaka huo. Na anakuja na hamu ya kweli: Agosti iliyopita alivua sare yake kwa mara ya mwisho akiwa analia, na wewe unamwambia bado haijaisha.

Lakini mtazame maisha yake. Ana miaka 22. Anatafuta kazi ya kwanza, na kazi hiyo inaweza kuwa jimbo lingine. Anaweza kwenda kusoma zaidi. Rafiki zake wanaoana, na harusi nyingi ni Jumamosi za kiangazi. Juu ya hayo amezoea mazoezi ya kutwa nzima siku sita au saba kwa wiki, na sisi tunamletea wikiendi ambayo saa ya kwanza inakwenda kukumbushana tulichosahau. Nimeona vijana wazuri sana wakichoka na mwendo wetu kufikia Machi. Hawasemi. Wanaanza kuchelewa, halafu wanapata dharura, halafu wanapotea. Wa namna hii huwashiki kwa chakula cha pamoja wala kwa fulana. Mpe kazi inayomstahili: aongoze zoezi la kupasha midomo joto kwa kundi lake, achukue watu wawili wanaohangaika na hatua awanyooshe. Wengi niliowaona wakibaki msimu wa pili ni wale waliokabidhiwa mtu mwingine wa kumwangalia.

Anayerudi ni kinyume chake karibu kwa kila jambo. Ana nyumba, ana kazi iliyotulia, ratiba yake anaijua mwaka mzima, ada analipa kwa wakati. Akikaa msimu mmoja, mara nyingi atakaa mitano. Shida yake iko mwanzoni, na ni shida ya aibu kuliko ya uwezo. Chukua mtu aliyeacha mwaka 1988. Tarumbeta aliyoiacha ilikuwa na vitufe viwili na ilikuwa katika ufunguo wa G. Kitufe cha tatu kiliruhusiwa kwenye vikosi vya vijana mwaka 1990, na mwaka 2000 vikaruhusiwa kutumia ala za ufunguo wowote, na vya rika zote navyo vikaishia kwenye njia hiyo. Kwa hiyo mtu huyu, ambaye kichwani mwake bado ni mpulizaji hodari, anashika ala ya leo na vidole vyake vinakwenda mahali pasipo. Noti ya kwanza inatoka si yenyewe. Anatazama kushoto na kulia kuona nani kasikia.

Niliwahi kusimama nyuma ya mtu kama huyo kwenye ukumbi wa mazoezi. Alikuwa amekuja na viatu vipya vyeupe vya gwaride, bado vina karatasi ndani, miezi sita kabla ya kuvihitaji. Baada ya zoezi la pili aliweka ala chini taratibu, akaanza kukunja karatasi za muziki. Aliyemzuia ni binti wa miaka 19 aliyekuwa kiti cha jirani, ambaye hakumpa maneno ya kumtia moyo wala nini. Alichukua penseli, akamwandikia namba za vitufe chini ya kila noti ya ukurasa wa kwanza, akamsogezea. Basi. Yule mzee amekuwa nasi misimu minne.

Kama unataka watu wa kundi hili, wape ala mkononi mapema, Oktoba au Novemba, waende nayo nyumbani. Usiwasubirishe mpaka kambi ya kwanza yenye watu hamsini. Na usiwaite "wazee wetu" kwenye matangazo. Wanaorudi hawarudi kuwa wazee, wanarudi kupiga.

Kundi la tatu ndilo vikosi vingi vinalidharau, na mimi nililidharau pia. Ni mama anayemleta mtoto wake mazoezini, anakaa garini kwa muda wa saa nne, mpaka siku moja anaulizwa kama angependa kujaribu bendera. Ni mume wa mpiga ngoma, ni mfanyakazi mwenzako aliyepiga piano utotoni. Hawajui chochote, na kazi ya kuwafundisha ni kubwa. Mkufunzi wako ataguna, na ana haki ya kuguna. Lakini hawa wana kitu ambacho wale wengine hawana: nyumbani kwao hakuna mtu anayelalamika kwamba Jumapili imeibiwa, kwa sababu Jumapili nzima iko uwanjani pamoja nao. Katika sababu zote nilizoambiwa na watu walioondoka, ugomvi wa wikiendi na familia unaizidi ada, unaizidi afya, unauzidi hata umbali.

Hapa kuna jambo lisilo na mjadala. Kikosi cha rika zote kinaweka watoto na watu wazima katika basi moja na ukumbi mmoja. Kabla hujaalika familia, weka kanuni na uzisome mbele ya wote: watu wazima wanaosimamia wachunguzwe kumbukumbu zao za uhalifu, mtu mzima asikae peke yake na mtoto, ujumbe kwa mwanachama aliye chini ya miaka 18 upite kwenye kundi la wazi ambalo mzazi yumo, vyumba vya kulala na kubadilishia nguo vitenganishwe. Mzazi makini atakuuliza haya siku ya kwanza. Ukibabaika katika jibu, ataondoka na mtoto wake, na atakuwa amefanya sawa.

Ukiniuliza nianze na nani, jibu langu linategemea ukubwa. Kikosi chenye watu chini ya arobaini kianze na wanaorudi na familia, kwa sababu kinahitaji watu watakaokuwepo mwaka kesho ili mwaka kesho kisianze upya. Vijana waliofikisha umri wapokee kwa mikono miwili, ila usiwafanye nguzo. Kikosi kikubwa chenye msingi uliotulia na hamu ya ubingwa kinaweza kuwategemea zaidi, kwa kuwa kila Agosti wanatoka wengine, na kikiwapoteza kumi kitapata kumi. Kosa baya ni kikosi kidogo kuiga utafutaji wa kikosi kikubwa.

Majaribio ya kuchuja au ya kupanga

Vikosi vikubwa vya vijana huchuja: unakuja, unapiga, unaambiwa ndiyo au hapana. Kwa wengi wa rika zote nashauri majaribio ya kupanga, ambapo kila mtu anayekuja anapata nafasi na swali linalobaki ni ipi. Kuchuja kunaleta heshima na kiwango, sikatai, lakini mtu mmoja uliyemkataa ana marafiki wanne ambao sasa hawatakuja.

Sehemu moja tu ndiyo ninayoitenga, nayo ni safu ya ngoma ndogo za kubeba. Pale fimbo kumi na sita lazima zisikike kama fimbo mbili, na mtu asiyefikia anaumia yeye mwenyewe kila wiki mbele ya wenzake. Huyo mwambie ukweli mwezi wa kwanza na umpe matoazi, ngoma kubwa au ala za mbele, zile zisizotembea. Ukichelewa mpaka Aprili utamvunja moyo.

Tangazo au mtu kwa mtu

Video nzuri ya onyesho la mwaka jana inaleta watu wengi kwenye siku ya wazi. Mwaliko wa mtu kwa mtu unaleta wachache, lakini wanakaa. Fanya yote mawili, ila nguvu zako zigawe ukijua hilo. Mtu aliyekuja kwa tangazo akifika hamjui yeyote; asipokaa karibu na mtu wakati wa chakula cha mchana siku hiyo, hurudi nyumbani na kumbukumbu ya kelele na njia ndefu.

Mahali pa kwenda kwa miguu yako: kwa walimu wa bendi za shule za sekondari, kwa bendi za jamii zinazokutana jioni, kwa waliomaliza bendi za vyuo vikuu, na kwa makundi ya ndani ya majira ya baridi, yaani ya bendera na ngoma yanayoshindana chini ya shirika la WGI. Hao wa WGI nawapenda sana, wana mikono safi. Tatizo ni kalenda: fainali zao huko Dayton, Ohio, ni mwezi wa Aprili, na mchoraji wako wa maumbo anataka hesabu ya watu Machi. Ukitaka kuwachukua, kubaliana nao mapema, wachorewe nafasi zao wakati bado wako kwingine, na mtumane video za mazoezi hadi waje. Usiwachoree nafasi kwa matumaini.

Siku ya wazi yenyewe, tafadhali, iwe fupi. Saa tatu zinatosha. Mgeni apige ala ndani ya nusu saa ya kwanza. Nimehudhuria siku ya wazi ya kikosi kimoja ambako wageni walikaa wakisikiliza historia na hotuba kwa muda mrefu kuliko walivyopiga, na wengine walianza kutazama funguo za magari yao kabla ya mapumziko.

Kila Jumapili au kambi moja kwa mwezi

Hapa ndipo uamuzi wako wa nani wa kumtafuta unapofungwa au kufunguliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mazoezi ya kila wiki yanakupa watu wa karibu. Wanazoeana haraka, kosa la Jumapili hii linasahihishwa Jumapili ijayo, na anayekosa mara moja hajapotea. Gharama yake ni uchovu wa nyumbani. Kufikia Februari, mke au mume wa mwanachama wako ameshahesabu Jumapili kumi na mbili.

Kambi moja kwa mwezi, Jumamosi na Jumapili kutwa, inakupa watu wa mbali, hata wanaoendesha gari kwa muda wa saa nne. Unapanua dimbwi lako sana. Lakini kati ya kambi na kambi kuna wiki nne, na katika wiki hizo mtu mpya anapoa. Majina aliyoyajua yanamtoka. Akikosa kambi moja, amekaa miezi miwili bila kukuona, na mtu wa miezi miwili si mwanachama tena, ni jina kwenye orodha.

Nilichokuja kukikubali ni mchanganyiko: kambi moja kwa mwezi tangu Novemba hadi Machi, pamoja na jioni moja ya katikati ya mwezi ambapo kila kundi linakutana kwa video au kwenye sebule ya mtu aliye karibu, saa moja tu. Kuanzia Aprili, wikiendi. Na katika zile wikiendi za Aprili hadi Juni, mbili ziwe huru kabisa na zitangazwe tangu Novemba. Moja ya hizo iwe Jumapili ya pili ya Mei, Siku ya Mama. Msimu mmoja tuliweka mazoezi siku hiyo tukasema anayeweza aje. Walikuja nusu, na nusu iliyokuja ilikuwa na hasira kwa nusu isiyokuja. Ilituchukua wiki tatu kupona.

Wikiendi ya Memorial Day, mwishoni mwa Mei, ni kinyume chake. Ile itumie yote: kambi siku mbili, gwaride Jumatatu. Watu wengi wana Jumatatu ya mapumziko, gwaride linalipa, na wanachama wapya wanavaa sare mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Nimeona mtu aliyekuwa anasitasita akibadilika pale barabarani, mtoto mdogo ukingoni alipoziba masikio huku anacheka.

Angalia pia mwisho wa msimu. Kwa miongo mingi fainali za vikosi vya rika zote zilikuwa wikiendi ya Labor Day, mwanzoni mwa Septemba, wakati vyuo vikuu vingi vimeshafunguliwa. Mwanafunzi aliyeanza nawe Novemba alilazimika kuchagua kati ya darasa na onyesho la mwisho. Kabla hujamwandikisha mwanafunzi yeyote, weka tarehe ya onyesho lako la mwisho kando ya tarehe ya kufungua chuo chake na mzitazame pamoja, wewe na yeye, siku hiyohiyo.

Ada kubwa au ada ndogo yenye kazi

Ada kubwa ni rahisi kusimamia. Mtu analipa, anapiga, anarudi nyumbani. Ada ndogo inajazwa kwa kazi: bingo, mchezo wa kubahatisha namba ambao umelisha vikosi vingi kwa muda mrefu, kuuza vinywaji viwanjani, magwaride ya Memorial Day na ya tarehe 4 Julai. Ya kwanza inawafungia nje wasio na uwezo na hasa familia zenye wanachama watatu. Ya pili inawachosha walewale, maana wanaojitokeza kwenye bingo ni nyuso zilezile kila mwezi, na hao ndio uti wa mgongo wa kikosi. Napendelea ada ya wastani, punguzo la familia, na magwaride, kwa kuwa gwaride ni kupiga, na kupiga ndiko kulikowaleta.

Lakini kiwango si jambo kubwa kuliko ukweli wake. Andika siku ya kwanza jumla yote: ada, viatu, glavu, chakula cha kambini, hoteli, na petroli kwa umbali wake. Petroli ndiyo inayosahaulika, na kwa mtu wa mbali inaweza kuipita ada. Halafu ruhusu malipo kidogo kidogo, na anayedaiwa azungumze na mtu mmoja tu, faraghani. Deni huwafukuza watu bila kelele. Mtu anadaiwa miezi miwili, anaona haya kukutana na mweka hazina mlangoni, anakosa kambi, na kwa kuwa amekosa kambi anaona haya zaidi. Kama jina lake lilisomwa kwenye orodha mbele ya wenzake, humpati tena.

Uanachama wa yote, au wa ngazi mbili

Mkufunzi mwenye kiu ya ushindi atakuambia mtu aje kwa yote au asije. Upande mwingine kuna vikosi vya waliowahi kuwa wanachama, ambavyo havishindani kabisa na vina raha yake. Kati ya hizo mbili ipo njia ya ngazi mbili: wanachama wa uwanjani, na wanachama wa gwaride na tamasha ambao hawachorewi nafasi kwenye maumbo. Nilikuwa napinga njia hii, nikiogopa kwamba kila mtu atakimbilia ile nyepesi. Kwetu haikutokea. Waliokimbilia ni wale ambao wangeondoka tu: mwenye mtoto mchanga, mwenye zamu, mwenye goti lililofanyiwa upasuaji.

Ala za mbele nazo ni mlango wa aina hiyo. Marimba, ambayo jina lake ni la Kibantu, vibrafoni na timpani husimama ukingoni mwa uwanja bila kutembea. Mpiga ngoma ambaye mgongo umekataa kubeba anaweza kukaa huko miaka mingine kumi. Mwambie mapema kwamba nafasi ipo, kabla hajaanza kuficha maumivu yake.

Kundi la ujumbe au simu

Kundi la ujumbe ni la kupanga: saa, mahali, nani ana stendi ya muziki. Halimshiki mtu. Mtu akikosa mazoezi kwa mara ya kwanza, kiongozi wa kundi lake ampigie simu kabla ya Jumanne, na asimuulize kwa nini. Amwambie walichofanya, amtumie rekodi, amwambie nafasi yake imesimama wazi na wanamsubiri. Dakika tano. Ukiandika tu kwenye kundi "tulikukosa", umemtangaza.

Watu huondoka sana katika nyakati tatu: baada ya siku ya kwanza, baada ya sikukuu za Desemba, na Mei, mwezi wa mahafali. Kwa hiyo simu nyingi zaidi piga kabla ya nyakati hizo. Na Januari, hata kama sare haitavaliwa mpaka Mei, pima watu makoti. Fundi anapita na futi, anaandika kifua, mkono, kiuno. Sina hesabu ya kukuthibitishia, lakini naamini kabisa kwamba aliyekwisha kupimwa koti hujiona yumo.

Yule mwenye zamu, ambaye pengo lake lilituumiza Mei ile, nilimpigia Oktoba iliyofuata, tulipoanzisha ngazi ya pili. Nilimwomba radhi kwa lile "tutaona namna". Nilimwambia magwaride ni manne, tarehe hizi hapa, tatu kati yake haziingiliani na zamu zako kama bado ni zilezile. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama tarumbeta aliyokuwa akiitumia amepewa mtu. Ilikuwa bado kabatini. Vipimo vya koti lake pia vilikuwa bado kwenye daftari.